Kaskazi haitaki ratiba ya kusi

Kila mwaka ikifika katikati ya Desemba, mafundi cherehani wenzangu hapa Tanga huanza kusema maneno yale yale: mwili mzito, usingizi hauishi, kazi haziendi, hamu imekwisha. Na miezi hiyo ndiyo yenye kazi nyingi kuliko yote. Sare zinatakiwa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Miaka hii Shaabani nayo imeangukia humo humo, na harusi zinasongamana kwa sababu kila familia inataka kumaliza shughuli kabla ya mwezi wa mfungo. Halafu Idi hiyo inaingia, na hakuna mtoto anayekubali kuvaa nguo ya mwaka jana.

Naandika kwa ajili ya yeyote anayefanya kazi nyumbani au kwenye kibanda kisicho na kiyoyozi, awe anashona, anaandika, anapiga hesabu za maduka au anasomea mtihani. Naamini wengi wetu tunajiita wavivu bure. Tunaingia kaskazi, majira ya joto ya upepo wa kaskazini, na ratiba tuliyoizoea wakati wa kusi, majira ya ubaridi ya upepo wa kusini, na ratiba hiyo haiwezi kusimama.

Tuliangalie joto lenyewe kwanza. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kati ya Januari na Machi mchana wa hapa kwetu hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Dodoma nako mchana kuna joto, lakini mtu wa Dodoma hachoki kama sisi. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linatoka na kubaki mwilini bila kukauka, na kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Bati la paa hulishusha joto hilo ndani kutwa nzima, na kuta hulinyonya, kisha hulimwaga chumbani mpaka usiku wa manane.

Hapo ndipo ari inapopotea, na watu wengi hawapaoni. Mwili ukitaka kulala vizuri hushusha joto lake kidogo, na chumba kikiwa cha moto hauwezi. Unaamka umelala saa nyingi lakini hujapumzika, halafu unashangaa kwa nini saa tatu asubuhi unakitazama kitambaa kama hujawahi kukata gauni maishani. Ushauri wangu wa kwanza kwa hiyo hauhusu kazi. Linda usingizi. Oga kabla ya kulala, sogeza kitanda mbali na ukuta uliopigwa na jua la jioni, funga chandarua vizuri ili uweze kuacha madirisha ya pande mbili wazi, upepo uingie huku na kutokea kule. Feni uielekeze mwilini, usiielekeze darini. Na mchana, baada ya swala ya adhuhuri na chakula, lala nusu saa bila kuona haya.

Wapo wanaoona aibu kulala mchana wakati kazi zimejaa. Nawakumbusha kwamba miezi hii ndiyo iliyokuwa miezi ya biashara pwani nzima. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi; bandari zetu zilichangamka katika joto hili hili. Waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja walijenga kuta nene za mawe na chokaa, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na baraza za kukalia jua likipungua. Jamaa zetu walioko Maskati nao wanajua: sheria ya Omani inasimamisha kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, tangu Juni hadi Agosti. Kule kumekubalika rasmi kwamba mchana wa joto si wa kazi nzito. Sisi tusio na mwajiri wa kutusimamisha inabidi tujisimamishe wenyewe.

Basi siku yangu ya kaskazi imegawanyika hivi. Baada ya swala ya alfajiri, kabla hata jua halijachomoza, naanza kukata. Kukata ndiyo kazi ya fundi isiyosameheka: mshono ukienda upande unaufumua, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakiungiki, na pengine mteja alikinunua Kariakoo na hakuna kingine kama hicho. Kwa hiyo kazi inayotaka kichwa kilichotulia inapewa saa zenye ubaridi. Kupiga pasi nako nakuweka alfajiri, kwa sababu pasi inaongeza joto chumbani. Ukiipiga saa nane mchana umejiwashia jiko mwenyewe. Kisha nakaa kwenye cherehani mpaka kama saa nne na nusu.

Kuanzia hapo nashusha mzigo. Mchana ni wa vifungo, kutia lastiki, kufumua, kupanga nyuzi, kupiga pindo kwa mkono nikiwa nimekaa mlangoni penye upepo. Satini na kitambaa cheupe sivigusi kabisa saa hizo, kwani kiganja chenye jasho huacha alama ambazo mteja ataziona kabla yako. Saa kumi jioni wateja wanaanza kuja kujaribisha na kupimwa, na hilo linafaa, maana kupokea watu kunachangamsha mwili uliochoka. Baada ya magharibi nashona kidogo kama usiku una upepo. Kama hauna, nafunga.

Wewe kazi yako si kushona. Lakini jiulize swali hili hili: katika kazi zako, ipi ikiharibika haitengenezeki? Hiyo ipe alfajiri. Ipi unaweza kuifanya hata ukiwa nusu usingizini? Hiyo ipe mchana. Anayeandika aandike alfajiri na kujibu ujumbe saa nane. Mwanafunzi afanye hesabu asubuhi, na kunakili maelezo mchana.

Jambo jingine linalonisaidia kuliko yote kuamka na hamu ni kuiacha kazi ya kesho imeanzwa. Kabla ya kulala naacha cherehani ina uzi kwenye sindano, bobini imejaa, na kipande cha kwanza kimekaa chini ya mguu wa mashine. Mezani naacha kitambaa kimekunjwa tayari, chaki na mkasi juu yake, na karatasi yenye vipimo vya mteja mmoja tu. Alfajiri siamui chochote, nakaa na kuendelea. Kuamua nianze na nguo ya nani ndiko kunakochosha, hasa ukiwa umelala vibaya.

Sasa mpangilio wa miezi yenyewe. Bibi yangu hakuhesabu wiki alipozungumzia majira, alihesabu miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa na mwaka wao wa jua unaoanza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo Makunduchi, Unguja, bado wanaisherehekea kila Julai. Mwaka huo una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Kwa miongo walijua lini wapande na lini wasafiri.

Nimelichukua hilo katika daftari langu la kazi na silibadilishi tena. Wiki ni fupi mno kwa kaskazi. Siku mbili za joto kali zikikuangusha, wiki imekwisha na unajiona umeshindwa. Mwezi nao ni mrefu, unadanganya kwamba muda upo. Siku kumi zinatosha kuanguka na kuinuka. Kila ukurasa wa daftari ni wa siku kumi, ambazo naziita kumi, nao una jina la mteja, nguo, kiasi alicholipa mwanzo na siku ya kuchukua. Siku ya kumi sipokei kazi mpya. Ni siku ya kumalizia vilivyobaki, kusafisha mashine na kuitia mafuta, kuhesabu nyuzi na zipu, na kufungua ukurasa mwingine.

Idadi ya nguo za kila kumi naipunguza kwa theluthi moja kulinganisha na ninavyoweza Julai, kukiwa na ubaridi. Hili linawaogopesha watu: kupunguza kazi msimu wa fedha! Lakini mafundi tuna sifa mbaya ya "njoo kesho kutwa", na sifa hiyo tunaijenga Desemba, tunapopokea kila kitambaa kinachoingia mlangoni. Mteja anayeambiwa ukweli kwamba kumi hii imejaa, apewe nafasi ya kumi ijayo, mara nyingi anakubali. Anayepewa ahadi isiyotimia harudi, na anawaambia shoga zake. Hakuna kinachoua ari kama kukaa kwenye cherehani huku ukiogopa kila kivuli kinachopita dirishani.

Umeme ukikatika usiku wa joto, kazi na usingizi vyote vinaharibika pamoja. Mimi nashukuru cherehani ya miguu, nayo naitunza kuliko ile ya umeme. Pasi ya mkaa iwepo, na taa ya sola ya kukatia.

Ramadhani inahitaji fikra yake. Kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi au 11 katika kalenda ya kawaida, kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo tutafunga ndani ya kaskazi. Kazi nzito ifanywe baada ya daku mpaka asubuhi, wakati maji bado yapo mwilini. Kati ya futari na daku kunywa maji kidogo kidogo. Ukiyanywa yote kwa mkupuo wa mwisho utaishia chooni, na mchana kiu iko pale pale. Nguo za Idi nafunga kuzipokea mwezi wa mfungo unapofika nusu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Na kwa wote, wanaofunga na wasiofunga: kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni ishara ya kuacha kazi mara moja, kwenda kivulini na kujipoza kwa maji. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili unawaka, apozwe hapo hapo kwa maji na feni, na apelekwe hospitali bila kungoja.

Watoto wako nyumbani likizo nzima ya Desemba, na nimesikia wengi wakiwataja kama kikwazo. Wangu wana sehemu yao kwenye daftari. Mkubwa anatia vifungo na kuandika vipimo ninavyomtajia, mdogo anaokota pini kwa sumaku na kuwapelekea wateja maji. Kazi yao ni ya asubuhi, na ikiisha ni michezo na maembe. Mchana nyumba nzima inalala, na hilo ni agizo kwa wote, mimi nikiwemo.

Masika ikishaanza, wateja wanapungua ghafla. Njia zina matope, nguo hazikauki, na harusi zimekwisha. Kwa hiyo kila siku ya kumi, nikishahesabu nyuzi na zipu, naweka pembeni fungu la Aprili na Mei kabla sijanunua kitu kingine chochote. Ukianza leo, anza na fungu hilo na saa ya kulala. Ratiba ya alfajiri utaizoea ndani ya kumi ya kwanza.