Kabla hujaagiza meza za vinia kwa mgahawa au hoteli, kagua ukingo

Muuzaji wa meza huanza kwa kupanga vipande vya sampuli: mninga, msaji, mvule, mwaloni, walnati. Mnunuzi anachagua kwa macho, anaagiza meza 30, na masika ya kwanza ikipita pembe zimeanza kufumuka. Kosa haliko kwenye aina ya mti. Vinia ni ganda la mbao halisi lenye unene wa milimita 0.5 au 0.6 hivi, limegundishwa juu ya ubao mwingine. Ganda hilo ni la kutazamwa tu. Maisha ya meza yanategemea ubao wa ndani, ukingo, upande wa chini ambao hakuna mteja anayeuona, na laka iliyopigwa juu. Tunaandika tukiwafikiria hasa wenye hoteli na migahawa ya pwani, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ambako unyevu wa hewa huonyesha haraka kazi iliyolipuliwa.

Tuanze na mahali. Meza ya vinia ni ya ndani. Kwenye baraza linalopigwa na mvua ya upepo, kando ya bwawa la kuogelea au ufukweni, weka mbao nzima ya msaji au mvule. Laka nzuri kiasi gani haitaiokoa vinia huko. Hata ndani, jua la dirishani hubadilisha rangi. Mvule huanza na unjano kisha hugeuka kahawia, walnati hufifia. Kwa hiyo wiki za mwanzo usiache kishikio cha menyu au mkeka wa sahani pale pale kila siku, maana chini yake kutabaki umbo lake lenye rangi tofauti.

Ubao wa ndani. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ina uso laini na imenyooka, ndiyo maana vinia hukaa vizuri juu yake. Udhaifu wake ni maji: ikishanyonya ukingoni huvimba, na hata ikikauka hairudi unene wake wa kwanza. Kwa mgahawa chukua ile inayostahimili unyevu. Mara nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani ili itambulike, ila hiyo ni rangi tu, kwa hiyo omba kuona lebo ya kiwandani. Plaiwudi ni nyepesi na inashika skrubu vizuri zaidi, lakini plaiwudi ya bei ya chini ina mapengo katikati ya matabaka, na mabonde yake hujitokeza juu ya vinia miezi kadhaa baadaye, hasa ukipiga laka ya kung'aa. Gonga uso wote kwa vifundo vya vidole. Penye pengo pana mlio wa utupu. Blokubodi, yenye vipande vya mbao vilivyopangwa katikati, nayo huonyesha mistari ya vipande hivyo. Chipubodi hatuishauri kwa meza inayohamishwa hamishwa, kwa sababu skrubu za mguu hung'oka na punje zake.

Fikiria pia uzito. Uso wa sentimita 70 kwa 70 wenye unene wa milimita 25 una kilo 9 hivi ukiwa wa MDF, na kilo 7 hivi ukiwa wa plaiwudi. Wahudumu wanaounganisha meza kila jioni kwa ajili ya wageni wa kundi watauhisi mgongoni utofauti huo.

Sasa pindua meza. Upande wa chini lazima nao uwe na vinia, yenye unene ule ule, mistari ikielekea upande ule ule, kwa gundi ile ile. Gundi ya maji inapokauka huivuta vinia, na vinia ikikauka zaidi huuvuta ubao. Kama juu kuna vinia na chini hakuna, ubao unavutwa upande mmoja na unapinda kama sinia. Ukumbi wenye kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku huzidisha tabia hiyo, kwa kuwa mbao hukauka na kunyonya unyevu kila siku. Vinia ya chini inaweza kuwa ya mti wa bei nafuu. Fundi akikuambia kwamba chini amepaka rangi na inatosha, haitoshi; rangi hupunguza unyevu kuingia, lakini haivuti kama vinia inavyovuta. Chini pia kupigwe laka, angalau koti mbili. Siku ya kupokea mzigo, laza rula ndefu iliyonyooka kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Kwa meza ya sentimita 70, ukiona mwanga unaozidi milimita moja chini ya rula, irudishe.

Ukingo ndio tunaousisitiza kuliko yote. Simama kwenye mgahawa saa ya chakula cha mchana uitazame meza moja tu. Mgongo wa kiti unagonga ukingo mteja anapoinuka. Mhudumu anapangusa kwa kukokota makombo na maji hadi ukingoni. Tone linabaki limening'inia pale pale vinia ya juu inapokutana na ubavu wa ubao, kwenye mstari mwembamba kama uzi. Hapo ndipo maji yanapoingilia. Wiki chache baadaye, ukipitisha kucha kwenye mstari ule, inakwama.

Ubavu ukifunikwa kwa utepe wa vinia uliobandikwa kwa pasi, hautamaliza mwaka kwenye meza ya chakula. Utepe huo ni wa rafu na makabati. Utepe wa plastiki (PVC au ABS) wa milimita 2 ni imara na unafaa kantini, ila rangi yake haifanani kabisa na mbao halisi na jicho la mgeni hulinasa hilo. Kwa mgahawa na hoteli tunashauri lipingi, yaani ufito wa mbao nzima wenye unene wa milimita 8 hadi 12 unaozunguka meza, wa mti ule ule wa vinia au mgumu kuuzidi.

Hapa pana swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: lipingi inagundishwa kabla ya vinia au baada yake? Ikitangulia, vinia huifunika na meza inaonekana kama ubao mmoja; inapendeza sana, lakini mwisho wa vinia unabaki wazi kwenye kona ya juu, na pigo la kwanza la kiti huimega. Ikifuata baada ya vinia, utaona mstari wa ufito kuzunguka meza, lakini mwisho wa vinia umelindwa na mbao nzima. Kwa meza ya kulia chakula chagua ya pili. Kisha kona ya lipingi ikatwe kwa ruta, mashine ya kuchonga kingo, iwe mviringo wa milimita 2 au 3, ndani ya ufito wenyewe, isifike kwenye vinia.

Kazi hiyo ina hatari yake. Fundi anaposawazisha lipingi na uso, ni rahisi msasa ukatoboa vinia pembeni, na doa la MDF likatokea ambalo haliondoki. Mwambie aiache lipingi imezidi kwa milimita 0.3 hivi, abandike utepe wa karatasi juu ya vinia, aipunguze kwa ubapa wa kukwangua, na msasa uwe wa mwisho kabisa. Pembe nne za meza zisikutanishwe kwa mkato wa digrii 45 na kuachwa kali. Mbao ikitanuka na kusinyaa, mkato huo hufunguka. Zizungushwe angalau milimita 10. Meza za duara zinahitaji ufito wa kupindwa au wa vipande, na kazi yake ni kubwa zaidi. Bajeti ikibana, meza ya mraba yenye pembe za mviringo ni bora kuliko duara lililozungushiwa utepe.

Kuhusu gundi, sema wazi kwamba hutaki gundi ya mpira, ile ya kupaka pande mbili na kubandika. Haigandi kuwa ngumu, kwa hiyo vinia husogea taratibu na kupasuka nyufa ndogo au kuinuka malengelenge, hasa panapowekwa vitu vya moto. Taka gundi nyeupe ya mbao ya daraja la D3 (inayostahimili maji) au zaidi, na kazi ibanwe kwenye presi. Msaji una mafuta. Vinia yake ipanguswe kwa thina na kugundishwa muda mfupi baadaye, kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Vinia za meza zitakazounganishwa zikatwe kutoka gogo moja na kwa mfuatano. Mpangilio wa kufungua kama kurasa za kitabu ni mzuri kwenye meza moja kubwa ya mkutano, lakini vipande vinavyopakana huakisi mwanga kwa tofauti, kimoja cheusi kimoja cheupe. Kwenye meza ndogo nyingi, mpangilio wa kufuatanisha bila kugeuza hutulia zaidi.

Laka. Laka ya nitroselulosi hukauka haraka na ni rahisi, na ndiyo inayozifelisha meza nyingi. Kikombe cha chai ya moto huacha duara jeupe. Kitakasa mikono chenye spiriti huilainisha. Kitambaa cha plastiki cha meza hunata nayo, kwa sababu vilainishi vya plastiki huhamia ndani ya laka. Ikipigwa siku ya mvua, hushika ukungu mweupe papo hapo. Taka polyurethani ya makopo mawili, yenye hadina (kigumishaji cha kuchanganya nayo): koti mbili za sila, yaani laka ya chini ya kuziba mbao, msasa namba 240 kisha 320, koti mbili za juu. Hadina ipimwe kama kopo linavyosema. Fundi akikisia ikapungua, laka hubaki laini daima. Nayo haitaki unyevu, hufanya vipovu vidogo kama vya soda. Ikishapigwa ipewe siku 7 kabla ya kupanga meza moja juu ya nyingine au kuzifunika. Chagua mng'ao hafifu badala ya kioo. Mikwaruzo ya sahani haionekani sana. Na kama mbao ina vinyweleo vikubwa, kama mninga au mwaloni, vijazwe, la sivyo sukari na unga wa chapati vitakaa humo.

Usilipe malipo ya awali kabla ya kupata sampuli ya sentimita 30 kwa 30 yenye ukingo mmoja kamili, ubao ule ule, vinia ile ile, laka ile ile, iliyokwisha kukaa siku 7. Weka juu yake kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka kwa dakika 20. Mahali pengine weka kitambaa kibichi, ukifunike kwa bakuli, kilale hadi asubuhi. Dondoshea kitakasa mikono, maji ya ndimu na mchuzi wenye manjano, upanguse baada ya saa moja. Mwisho, simamisha ukingo ndani ya sahani yenye maji ya kina cha milimita 5 kwa saa 24, kisha upime unene kabla na baada. Kipimo hicho cha mwisho kitakuambia mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Vipimo navyo vina pesa ndani yake. Ubao wa kawaida ni milimita 1220 kwa 2440. Meza ya sentimita 60 kwa 60 yenye lipingi ya milimita 10 inahitaji kipande cha sentimita 58, na ubao mmoja unatoa 8. Ya 70 kwa 70 inahitaji kipande cha sentimita 68, na ubao ule ule unatoa 3 tu. Kinabaki kipande cha upana wa sentimita 53 hivi kinachotosha nyuso 4 za meza ndogo za kahawa. Ziagize pamoja, la sivyo umelipia mabaki.

Kwa mguu wa chuma, skrubu isizame zaidi ya milimita 18 kwenye uso wa milimita 25. Kama meza zitafunguliwa mara kwa mara, taka nati za kuzamisha na bolti badala ya skrubu za mbao.

Usafi ni kitambaa kilichokamuliwa, sabuni kidogo, kisha kikavu. Klorini isiguse meza. Wengine huweka kioo juu ili kulinda. Unyevu hunaswa chini yake na kuacha madoa yasiyopanguka, kwa hiyo ukilazimika, kiinuliwe kwa vipande vidogo vya silikoni ili hewa ipite. Na agiza nyuso 2 za akiba kutoka gogo lile lile. Usizifungie stoo gizani. Zitumie kwa zamu na zile za ukumbini, maana iliyolala gizani mwaka mzima haitafanana rangi na wenzake siku utakapoihitaji.