Kwa nini difensi za timu za paa zinalainika zikitoka nje kwenye baridi

Wakuu habari za jioni. Kuna mdau kauliza kwamba hizi timu za NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) zinazochezea uwanja wenye paa, Vikings, Lions, Saints, Falcons, Colts, kwa nini difensi zao (kikosi cha kuzuia) zikitoka nje kwenye baridi la mwezi wa 12 na wa 1 zinalainika, ni baridi kweli au watu wanatafuta kisingizio. Majibu mengi naona ni "hawajazoea baridi", basi, imeisha hiyo. Mimi nimesoma sekondari huku Minnesota, nimecheza difensi endi (yule wa pembeni anayemfukuza mrusha mpira) muda wote wa shule na sasa hivi nasaidia kufundisha vijana wa mtaani, kwa hiyo ngoja nishushe ninavyolijua hili jambo, ni refu kidogo mnivumilie.

Tuanze na mwili. Ukiwa unakimbia husikii baridi kihivyo, shida iko benchi. Unatoka uwanjani una jasho, lile jasho linapoa ndani ya jezi fasta sana, mapaja yanakaza, halafu ofensi yenu (kikosi cha kushambulia) inapoteza mpira ghafla mnaitwa mrudi mbio. Ile pleyi (tangu mpira utoke mpaka usimame) ya kwanza ukirudi ndio mbaya kuliko zote aisee. Unainama, unaweka vidole chini kwenye nyasi zilizoganda, vidole havisikii kitu, macho yako kwenye mpira, mpira unatoka na mguu wa kwanza unachelewa. Unachelewa kidogo tu, mtu wa jukwaani hawezi kuona, lakini yule wa laini ya ofensi (majitu ya mbele yanayomlinda mrusha mpira) anajua mpira unatoka saa ngapi na wewe hujui, kwa hiyo ukichelewa kidogo tayari keshakuweka mikono kifuani. Msuli uliopoa unajikunja taratibu na neva nazo zinapeleka taarifa polepole, hiyo haina ubishi wala haichagui wewe ni wa paa au wa nje. Sisi tulikuwa tunajipaka Vaselini mikononi na tunavaa glovu, inasaidia upepo usikuchome, ila mguu ule wa kwanza haukusaidii.

Sasa hapo ndio watu wanakosea, maana baridi inazipiga timu zote mbili. Tena ukiangalia kwa haki, baridi inaisaidia difensi yoyote ile kuliko ofensi. Mpira unakuwa mgumu na unateleza, presha yake inashuka kwa sababu hewa ya ndani imepoa, mpokeaji vidole vimekufa, mpiga teke hafiki mbali. Mechi ya Januari 10, 2016 Vikings na Seahawks hapa Minneapolis, nyuzi 21 za Selsiasi chini ya sifuri, moja ya mechi za baridi kali kuliko zote katika historia ya NFL, nilikuwepo, nimesimama juu ya kipande cha boksi kwa sababu zege lilikuwa linavuta joto kupitia soli za buti. Difensi ya Vikings iliwaweka Seahawks kwenye sifuri robo tatu nzima! Vikings wakaja kufungwa 10 kwa 9 robo ya mwisho, na hata hapo Blair Walsh alikosa fildi goli (teke la kupitisha mpira kati ya nguzo, pointi 3) la yadi 27 ambalo lingewapa ushindi. Difensi ile isingeweza kulaumiwa kwa baridi hata kidogo. Lakini kumbukeni msimu ule na uliotangulia Vikings walikuwa wanachezea nje, uwanja wa chuo kikuu, kwa sababu Metrodome, uwanja wao wa zamani wenye paa, ilishabomolewa na jipya la U.S. Bank lilikuwa bado linajengwa. Yaani ile haikuwa timu ya paa kwa wakati ule.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Kwa mtazamo wangu iko kwenye namna timu inavyojengwa. Ukiwa na mechi zaidi ya nusu ya msimu kwenye kapeti kavu, hakuna upepo, hakuna matope, unasajili watu wepesi. Endi wa kasi, lainibeka (wanaosimama nyuma ya laini) wadogo wanaokimbia, kona beki (wanaowafuata wapokeaji) wa kukata na kugeuka. Na mashabiki wakipiga kelele chini ya paa ile laini ya wageni haisikii kitu, inachelewa kuondoka, endi wako anapata ile nukta ya muda ya bure. Sasa mtoe huyo mtu mpeleke nje ugenini: kelele sasa ni za kumpinga yeye, ardhi haishiki, ile nukta ya bure haipo, na mbele yake amesimama jitu la kilo 145 ambalo halihitaji kasi, linahitaji kumwegemea tu.

Mfano ninaoupenda kwa sababu unaonyesha kila kitu ni Colts walipoenda kwa Patriots Januari 2005. Colts ya kwotabaki (mrusha mpira) Peyton Manning, alikuwa ametoka kurusha tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja, pointi 6) 49 msimu ule, rekodi wakati huo, na Dwight Freeney ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa kuwaangusha kwotabaki, mara 16. Upande wa pili Robert Mathis, mdogo kabisa kwa nafasi yake ila mwepesi ajabu. Difensi ile ilitengenezwa kwa hesabu moja, kwamba Manning atafunga mapema, nyie wapinzani mtalazimika kurusha, na mkirusha Freeney anakuja. Theluji inadondoka Foxborough, kwao Patriots, Manning hafungi, mapumziko Patriots wanaongoza 6 kwa 3. Kipindi cha pili Patriots wakaacha kuhangaika, wakampa mpira mkimbiaji wao Corey Dillon wakamwambia kimbia katikati. Draivu (pleyi mfululizo za timu moja ikiwa na mpira) mbili, kila moja ikala zaidi ya dakika 7. Dillon akamaliza na yadi 144, Patriots wakashika mpira zaidi ya dakika 37 katika 60, mechi ikaisha 20 kwa 3. Freeney atamkimbiza nani kama hakuna anayerusha?

Saints hivyo hivyo, Januari 2007 Chicago, fainali ya NFC (nusu moja ya ligi), ya kwanza katika historia yao. Bears walikuwa hawana kwotabaki wa kutisha ila walikuwa na mkimbiaji Thomas Jones. Kuna draivu robo ya pili walimpa mpira yeye tu, mfululizo, yadi 69 mpaka tachidauni. Siku ile wala haikuwa baridi la kuua, ilikuwa karibu na kuganda na theluji kidogo. Bears 39, Saints 14. Ofensi ya Saints ilipoteza mpira mara nne, na hiki ndicho kitu kinachosahaulika sana kwenye hii mada: difensi ya timu ya paa mara nyingi inakufa kwa sababu ya ofensi yake. Ofensi ya paa imezoea kurusha, nje kwenye upepo ikirusha inakosa, saa inasimama, pleyi tatu wameshapiga punti (teke la kuwapa wapinzani mpira), difensi haijamaliza hata kunywa supu ya moto inarudi. Nimeyaishi hayo. Robo ya nne mtu amechoka hamkamati mkimbiaji kwa kumkumbatia tena, anamrushia mkono mmoja, na mkono wenyewe umeganda kwa hiyo unateleza, yadi 3 zinakuwa 9.

Kona beki nao wana shida yao. Kwenye ardhi ya kuteleza mpokeaji anajua anakatia wapi, amejiandaa, kona beki anafuata tu, kwa hiyo anayeanguka mara nyingi ni yeye. Hapo mambo ya viatu ni makubwa kuliko mnavyofikiri. Vile vya meno mafupi vya kapeti ukivipeleka kwenye nyasi za chini ya sifuri umekwisha, unatakiwa meno marefu ya kufunga kwa skrubu, na ardhi ikiganda kabisa kama jiwe hata hayo hayaingii, inabidi urudi kwenye mafupi. Siku ya mechi vijana wangu tunafika mapema tunakimbia kila kona ya uwanja kwa viatu tofauti kabla hatujaamua, kwa sababu upande wa kivuli unaweza kuwa umeganda na upande wa jua una tope.

Msiniambie timu ya paa haiwezi lakini. Falcons walienda Lambeau, uwanja wa Green Bay, Januari 4, 2003, Green Bay walikuwa hawajawahi kufungwa mechi ya mtoano pale kwao, hata mara moja. Falcons walishinda 27 kwa 7. Siri ilikuwa nini, mapumziko walikuwa wanaongoza 24 kwa 0! Punti waliizuia wakafunga nayo, kwotabaki wao Michael Vick akasumbua kwa miguu, na Brett Favre, kwotabaki wa Green Bay, akabaki analazimika kurusha kwenye baridi. Yaani walilazimisha mechi ya nje ichezwe kwa hesabu yao ya ndani.

Na wale wanaotaja Vikings kupigwa 38 kwa 7 Philadelphia Januari 2018 kama ushahidi wa baridi, hapana jamani. Difensi ile ilikuwa namba moja kwenye ligi na siku ile Philadelphia haikuwa hata na baridi la kugandisha. Walizidiwa tu, tuwape Eagles haki yao.

Kwa hiyo mdau, mechi ijayo ya namna hii usihangaike na kipimajoto. Angalia upepo, halafu robo ya kwanza angalia wenyeji wanapata yadi ngapi wakikimbiza katikati bila kurusha. Wakipata 4 au 5 kila mara na timu ya paa haijafunga, mimi hapo huwa naanza kuogopa mapema.