Glossina austeni ni mbung'o wa kundi gani?

SWALI: Mimi ni ofisa mifugo. Kwenye mafunzo tulielezwa kwamba mbung'o wamegawanyika makundi matatu: wa msituni, wa mitoni na wa mbugani. Lakini Glossina austeni anaishi kwenye vichaka vizito vya pwani, na bado vitabu vingi vinamweka na wa mbugani. Kuna mahali nimeona amepewa kundi lake peke yake, Machadomyia. Lipi ni sahihi, na je, kikazi lina uzito wowote?

JIBU: Mweke kwenye kundi la morsitans, yaani hilo linaloitwa la mbugani. Kinachokuchanganya ni hayo majina ya msitu, mto na mbuga. Yanasaidia darasani, lakini hakuna mtaalamu anayeainisha mbung'o kwa kuangalia mahali alipomnasa. Mchukue Glossina longipennis: ni wa kundi la fusca, "la msituni", ilhali makazi yake ni nyika kame za Kenya, Somalia na Ethiopia. Glossina pallidipes naye ni "wa mbugani", na mara nyingi utamkuta vichakani.

Kinachotenganisha makundi ni viungo vya uzazi, hasa vya dume. Mgeuze dume chali chini ya hadubini. Kwenye ncha ya tumbo utaona kinundu cha mviringo. Kifungue taratibu kwa sindano na vishikio viwili vya kumshikia jike vitajitokeza. Kwa kundi la fusca vishikio hivyo viko huru, kila kimoja peke yake. Kwa kundi la palpalis, yaani "la mitoni", vimeunganishwa na utando mwembamba uliopasuka sana katikati. Kwa kundi la morsitans utando umeviunganisha kabisa. Ukishaziona hali hizo tatu kwa macho yako, hutahitaji tena kuuliza mdudu alitoka kichaka gani. Kwa lugha ya uainishaji, makundi haya ni nusujenasi tatu, yaani migawanyo mitatu ndani ya jenasi moja: Austenina kwa fusca, Nemorhina kwa palpalis, na Glossina yenyewe kwa morsitans.

Sasa turudi kwa austeni, maana shaka yako ina msingi. Vishikio vya dume lake vinafanana na vya morsitans, lakini viungo vya uzazi vya jike vinakaribia vya fusca, na makazi yake ya kivuli yanakumbusha palpalis. Ndiyo sababu mtafiti Travassos Santos Dias alipendekeza mwaka 1987 atengewe nusujenasi ya Machadomyia. Sioni kwamba aliropoka. Kwa ushahidi wa maumbile peke yake, hata mimi ningesita. Uzito uliongezwa na vinasaba. Jenomu, yaani jumla ya vinasaba, za spishi sita za mbung'o zilipolinganishwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, austeni aliangukia upande wa morsitans na pallidipes, huku brevipalpis wa kundi la fusca akisimama mbali na wote. Kwa hiyo Machadomyia ukiiona kitabuni, ichukulie kama pendekezo lenye hoja, lakini kwenye fomu zako andika morsitans.

Juu ya jenasi hakuna ubishi mkubwa. Glossina, aliyoielezea Wiedemann mwaka 1830, ndiyo jenasi pekee iliyo hai katika familia ya Glossinidae. Zamani waliunganishwa na nzi wa nyumbani, lakini jike wa mbung'o hatagi mayai: hulea buu mmoja tumboni kwa maziwa ya tezi yake, kisha humzaa akiwa tayari kujichimbia ardhini na kuwa pupa. Uzazi wa namna hiyo unapatikana pia kwa nzi wanaoishi miilini mwa kondoo, ndege na popo, na hao ndio ndugu zake wa kweli.

Kikazi, kundi lina uzito mkubwa, ila halitoshi peke yake. Mbung'o wengi wa morsitans huvutwa sana na harufu ya ng'ombe, ndiyo maana mitego yao huwekewa kemikali za asetoni na oktenoli. Wale wa palpalis huitikia harufu kidogo zaidi, na vitambaa vidogo vya buluu kandokando ya maji vinawatosha. Ukifuata kundi tu, utamwekea austeni mtego wenye harufu ya ng'ombe na kurudi mikono mitupu, kisha uandike kwamba eneo halina mbung'o. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko kosa la jina. Austeni haingii kirahisi kwenye mitego ya kawaida. Unguja, alikotokomezwa kwa kuachia madume tasa na ambako wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, walimfuatilia kwa paneli zenye gundi. Anza na paneli hizo, uzisimamishe kwenye kingo za kichaka chenye kivuli, hasa palipo na nyayo za nguruwe mwitu, kwa kuwa damu yao ndiyo anayoitegemea zaidi.