Kuhusu vape ndani ya baa

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuvuta vape yako, yaani sigara ya elektroniki, ukiwa umeketi ndani ya baa pale Westlands, Nairobi, na beshte zako wanasema ni mvuke tu hauna shida. Mimi ningesema usivute, toka nje. Sheria ya tumbaku ya Kenya ya 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma isipokuwa sehemu iliyotengwa, baa zikiwemo, na ni kweli iliandikwa kabla hizi vape hazijajaa mtaani ndio maana watu wanabishana, lakini shisha nayo watu walibishana hivyo hivyo hadi serikali ikaipiga marufuku Desemba 2017. Usikubali sheria ijaribiwe kwako.

Halafu hiyo stori ya mvuke tu achana nayo. Ile kitu inatoka mara nyingi ina nikotini na chembe ndogo ndogo za kemikali, haiyeyuki hewani vile unadhani, ingia tu baa imefungwa madirisha uangalie lile wingu tamu la maembe likining'inia juu ya meza. Sasa fikiria yule weita anazunguka hapo na trei mpaka alfajiri, pengine ana mimba, pengine ana pumu, na hawezi kukwambia uzime kwa sababu wewe ni kastoma. Hiyo kwangu ndio kubwa kuliko faini.

Ukifika muulize meneja smoking zone iko wapi, nyingi wanayo. Na bauns akikwambia weka mfukoni, weka bana, usianze kumsomea sheria.