Fundi wa Picha Ajibu: Harusi Imetoka Bluu

Papa fundi, jambo. Nimepata negativu za harusi ya wazazi wangu, ya 1998, hapa Goma. Niliziskani kwa skana ya kuazima, ile yenye taa kwenye kifuniko. Nilipogeuza rangi kwenye kompyuta, kila kitu kikawa bluu: gauni bluu, nyuso kama majivu. Je, filimu zimeoza? Mama anataka picha moja ya ukutani.
Neema, Himbi

Neema mwanangu, filimu ni nzima. Ziinue dirishani: utaona rangi ya chungwa hata pembezoni, pasipo na picha. Kiwanda ndicho kilichoitia, ili kufidia kasoro za rangi nyingine zilizomo. Zamani studio tuliiondoa kwa filta wakati wa kuchapa. Kompyuta haina habari hiyo. Ukigeuza tu, chungwa inakuwa bluu. Iondoe kwanza.

Skani upya. Zima marekebisho yote ya skana, hifadhi kwa TIFF ya biti 16 (aina ya faili inayotunza rangi zote bila kuzipunguza), na usikate ukingo wa filimu. Dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa kila inchi, zinatosha picha ya sentimita 20 kwa 30.

Kisha pakua darktable, programu ya kurekebisha picha kwenye kompyuta. Ni ya bure, na ikishaingia haidai intaneti. Ndani yake mna zana ya kugeuza negativu, inayoitwa negadoctor. Kabla ya kuiwasha, zima filmic au sigmoid, zana nyingine za humo za kupanga mwanga, la sivyo zitavurugana na utadhani umekosea wewe. Shika kichagua rangi, chora kimraba juu ya ukingo ule mtupu. Hapo programu imejua chungwa ni ipi, na maharusi watajitokeza. Rangi ikibaki imeelemea upande mmoja, nyoosha sehemu za giza kwanza, ndipo za mwanga.

Usipime kwa gauni, maana huenda lilikuwa krimu tangu dukani. Tafuta nyuma ya watu ukuta wa mawe ya volkano. Goma hii hautaukosa. Jiwe la lava ni kijivu cha kukaribia weusi. Likiwa na ukijani, bado hujafika. Na mwanga usiuzidishe: mama yako abaki na rangi yake aliyozaliwa nayo. Mimi hizi picha za kumchubua bibi harusi kwa kompyuta zinanichosha.

Ukiridhika na fremu moja, nakili mipangilio kwa roli nzima. Zilizopigwa ndani kwa taa za balbu zitadai kuguswa kidogo. Kama misa ilikuwa katika kanisa kuu lililoangamizwa na lava Januari 2002, skani hata fremu zilizotikisika.

Vidoa vyeupe utakavyoona ni vumbi. Lipulize kwa pampu ya mpira, usipanguse kwa kitenge. Skana yenye infraredi, mwanga usioonekana kwa macho unaotambua vumbi, husaidia kwa filimu za rangi, lakini ukifika kwenye zile za kawaida za nyeusi na nyeupe, zima infraredi hiyo: madini ya fedha yaliyomo ndani ya filimu, skana huyahesabu kuwa uchafu.