Siti ya Ngozi Haiguswi na Tina

Jumatatu iliyopita dada mmoja wa Kimara aliniandikia. Mwanawe amechora siti ya nyuma kwa kalamu ya wino, mistari mitatu mirefu, na kijana anayemwoshea gari amemwambia dawa yake ni tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Akaniuliza, "Dada, nimkubalie?" Nilikuwa kwenye foleni ya Ubungo. Nikatafuta pa kuegesha, nikamjibu pale pale: hapana. Sababu ni hii.

Harrier yangu niliiagiza Japani baada ya miaka sita ya kuweka hisa kwenye kikoba. Wenzangu mnaosoma hapa mnaijua hiyo njaa ya kumiliki chako, kwa hiyo habari za bandarini na ushuru naziruka. Siti zilikuwa za ngozi, rangi ya krimu. Ofisini wakasema krimu haifai Dar, kwa vumbi na jasho letu. Mimi niliitaka hiyo hiyo.

Mwezi wa tatu tulitoka harusini Mbagala, mama mkwe amekaa nyuma na hotpoti ya biriani mapajani. Kwenye tuta moja kifuniko kikaachia, rojo lote likamwagikia siti. "Mwanangu, nisamehe." "Hamna neno mama, litatoka." Mkwe utamwambia nini zaidi?

Asubuhi nikaipeleka kwa waosha magari. Kijana akachota sabuni ya unga, akashika brashi ya kufulia, akasugua. Doa la njano likageuka jekundu. Akashtuka, akakimbilia tina. Doa likatoka kweli, lakini kitambaa kilijaa krimu: rangi ya siti yangu. Likabaki baka la ukubwa wa kiganja, kijivu, limekauka. Mwenye eneo akaja, akatazama, akasema, "Gari lenyewe la mtumba, ngozi ilishachoka." Hakuomba radhi. Neno lile bado linaniuma kuliko hela niliyolipa baadaye.

Fundi siti wa Gerezani ndiye aliyenifungua macho. Siti nyingi za ngozi za magari ya siku hizi zimepakwa rangi, na juu ya rangi pana utando mwembamba wa kuilinda. Doa likiwa bichi limekaa juu ya utando huo. Kazi yako ni kulinyanyua na kuuacha utando. Tina, petroli, asetoni ya kufutia rangi ya kucha, vyote vinakula utando, kisha vinakula rangi. Ukitaka kujua siti yako ni ya aina gani, dondoshea tone la maji mahali pasipoonekana. Likisimama, utando upo. Likinywewa, ngozi iko wazi, mwachie fundi.

Wekundu ule nilielezwa na mdogo wangu, mwalimu wa kemia. Rangi ya bizari ya manjano, kiungo kilichokuwa kwenye biriani, inaitwa kurkumini, na ikikutana na kitu chenye magadi, kama sabuni ya unga au ya kipande, inageuka nyekundu. Siki huirudisha njano. Ngozi nayo hutengenezwa ikiwa na uchachu kidogo, kwa hiyo sabuni hizo haziipendi hata pasipo doa. Laiti ningeyajua haya siku ile!

Mwaka huu mwanangu amemwaga urojo kwenye siti ile ile. Sikumwita mtu. Nilichota uzito wake kwa kijiko, nikapangusa kwa kitambaa chenye unyevu kutoka ukingoni kuelekea katikati ili doa lisitanuke, kisha nikapitisha povu la sabuni ya maji ya kuogeshea watoto. Siti yenye vitundu usiilowanishe, maji yanazama kwenye sponji. Kilichobaki kilikuwa kivuli cha njano. Kurkumini haivumilii jua, basi nikaegesha mlango wazi juani, saa moja moja, alasiri tatu. Kikaisha. Nilikaa kwenye siti ile nikajisikia mtu aliyerudishiwa haki yake.

Ndugu zangu, tuache kukabidhi vitu tulivyovitolea jasho kwa mtu tusiyemuuliza ameshika nini mkononi. Simama hapo. Muulize chupa ina nini. Akikasirika, ondoka na gari lako. Na mafuta ya nazi msipake, yanang'arisha siku moja halafu yanakamata vumbi lote la barabarani; tafuteni losheni ya ngozi ya magari.

Sasa dada wa Kimara. Nunua spiriti duka la dawa na vijiti vya masikio. Jaribu kwanza nyuma ya siti. Chovya kijiti, kikamue, gusa juu ya mstari bila kusugua, na kila kikichafuka chukua kingine. Ukiona rangi ya siti kwenye pamba, acha hapo hapo, hata kama wino haujaisha. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, paka losheni. Wino uliolala wiki nzima huenda usitoke wote, kwa hiyo anza leo ukitoka kazini, na unitumie picha kabla hujagusa mstari wa pili.