Ndege mvumaji nyumbani: kutundika chupa ni rahisi, kazi iko kwenye kuosha

Mkuu, umeuliza kwa nini jirani yako hapo Columbus anajaziwa na ndege wavumaji (hummingbird, wale wadogo wanywao maji matamu ya maua) kwenye chupa yake ya maji ya sukari na wewe unaambulia nyuki tu, na kama ni lazima ununue ule unga mwekundu wa dukani. Nami niko Ohio, nina kibaraza na kibustani nyuma ya nyumba, nakujibu kwa ninayoyaona hapa.

Unga mwekundu achana nao. Sukari nyeupe kikombe kimoja, maji vikombe vinne, koroga iyeyuke, basi. Wekundu wa chupa yenyewe unatosha kuwaita. Asali usiweke, hata kama kwetu ni dawa ya kila kitu: ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuota ukungu unaoweza kumuua ndege. Sukari ya kahawia nayo hapana, ina madini ya chuma yanayowadhuru.

Sasa kuosha, hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Joto la Julai likikolea, maji yale hayafai kupita siku mbili. Ukiona yana ukungu-ukungu, au utelezi mweusi kwenye vitundu vya kunywea, mwaga yote, sugua kwa brashi na maji ya moto. Nunua chupa ya umbo la kisahani inayofunguka vipande viwili. Nyuki nao huipata kwa shida kwa sababu maji yako chini ya mdomo wa tundu. Zile ndefu zenye shingo nyembamba zimetengenezwa kumfurahisha mnunuzi. Na kama zamu zako za kazi hazikupi nafasi ya kuosha, panda maua tu.

Kuhusu ndege kutokuja kwako: hawa ni wagomvi kupita kiasi. Dume mmoja mwenye gramu kama tatu hukaa kwenye kitawi akilinda chupa kama mlinzi wa geti, akitokea mwenzake anamfukuza hadi ng'ambo ya barabara. Chupa yako ihamishie mahali isipoonekana kutoka kwa jirani. Ukitundika mbili, moja iwe mbele ya nyumba, nyingine nyuma. Ukimwona mwenye koo jeusi usidhani ni aina nyingine. Akigeuka kidogo juani koo lote linawaka jekundu. Huku mashariki mwa Marekani anayezaliana ni aina hiyo moja tu.

Waliozoea ndege aitwaye chozi wa nyumbani watashangaa: chozi kwa kawaida hutua kwenye ua ndipo anywe, huyu anasimama hewani na hata kurudi kinyumenyume.

Sukari ni nguvu ya kurukia tu. Makinda hukuzwa kwa wadudu wadogo na buibui, kwa hiyo dawa za kupulizia bustanini weka kando. Tandabui za pembeni ziache pia, jike huzitumia kushikiza kiota chake. Kwenye duka la miche uliza maua yao kwa majina ya kitaalamu usije ukapewa kitu kingine: Monarda didyma, Lobelia cardinalis, Lonicera sempervirens. Campsis radicans wanaipenda sana, ila ipande mbali na ukuta, inatambaa na kuchipua kila mahali.

Tundika mwishoni mwa Aprili. Madume huanza kuondoka Agosti, na mwanzoni mwa Oktoba karibu wote wamekwenda Meksiko na Amerika ya Kati. Wanaosema chupa ikibaki nje ndege watasahau kuhama wanakosea. Kupungua kwa mwanga wa mchana ndiko kunakowaondosha, na wapitaji wa mwisho wanaihitaji.

Sisimizi wazuie kwa kikombe cha maji juu ya ndoano. Mafuta usipake, yatashika manyoya. Na ukimkuta vunjajungu amejibanza kwenye chupa, mhamishie kichakani, maana hukamata hata ndege hawa. Kumuua usimuue, vyungu vya watu visije vikavunjika bure.